Jahazi katika Ukuta wa Jirani

Siku ya Jumapili, jua likiwa bado halijapata makali, bibi jirani yetu alibisha hodi. Si desturi yake kubisha. Kwa miaka 18 ya ujirani wetu yeye huingia akitoa salamu, akapitiliza hadi uani, akavuta kigoda na kuuliza kama chai ipo. Asubuhi ile alisimama nje ya kizingiti, ushungi ameukaza kidevuni kama mtu aendaye msibani, akasema kwa sauti ya chini: "Wanangu, hebu tokeni mje muone alichonifanyia mjukuu wangu."

Mjukuu aliyemkusudia ni kijana wetu wa pili, mwenye umri wa miaka 16. Si wa damu yake, lakini amelelewa nusu kwetu na nusu barazani kwa bibi huyo, akisikiliza habari za marehemu mumewe aliyekuja Dar es Salaam kwa jahazi kutoka Kilwa akiwa kijana wa rika lake.

Wakazi wa jiji hili hawahitaji kuelezwa maana ya alama ya X ya rangi nyekundu. Anayelala na kuamka akaikuta ukutani kwake huelewa kwamba barabara inataka kupanuka na nyumba yake imesimama njiani. Ukuta wa bibi unaotazama barabara ulikuwa na X hiyo tangu mwaka jana, kubwa kama mtu aliyetandaza mikono, na chini yake namba aliyopewa na waliokuja kupima. Tangu siku ile bibi hakupaka chokaa wala kuziba ufa. Alikuwa akifagia mbele ya ukuta ule bila kuutazama.

Sasa X ile haikuwa X tena. Mstari wake mmoja ulikuwa mlingoti ulioinama kuelekea omo, kama ilivyo milingoti ya majahazi, na mstari wa pili ulikuwa foromali inayoukata mlingoti kwa juu. Kutoka kwenye foromali lilishuka tanga jeupe lililojaa upepo. Chini yake palikuwa na chombo kizima, mbao zake zimechorwa ubao kwa ubao, na chini ya chombo bahari ya rangi ya bluu ambayo tuliitambua mara moja, kwa kuwa ndiyo iliyobaki tulipopaka geti letu kabla ya Ramadhani. Wekundu wa X haukuguswa. Kijana aliuacha kama ulivyoandikwa, akajenga jahazi kuuzunguka.

Tulisimama tukitazama, na tunakiri kwamba kwa muda wa pumzi moja au mbili tulisahau tumeitwa kwa kosa. Kisha bibi akasema, "Picha ni nzuri. Lakini namba yangu iko wapi?"

Namba ilikuwa chini ya bahari.

Hapo ndipo tulipoelewa hofu yake. Namba ile ndiyo iliyoambatana na karatasi aliyoitia kidole gumba, na karatasi ndiyo iliyoambatana na fidia, kama ipo. Yeye ni mjane. Hana mtoto aliye hai, na nyumba ile ndiyo mirathi na kiinua mgongo chake. Nani angemthibitishia kwamba watakaopita siku ya pili hawatasema amefuta alama kwa makusudi?

Tulirudi nyumbani tukiwa na aibu, na aibu ya mzazi ni mbaya kwa sababu hutafuta mahali pa kutua. Tulimwamsha kijana. Hakukana. Alisema alitaka bibi asiwe anaiona X kila asubuhi. Hatukumsikiliza. Daftari lake la michoro lilikuwa mezani, nasi tulilichana. Tunaandika "tulilichana" ingawa mikono iliyochana ilikuwa ya mmoja wetu, kwa sababu mwenzake alisimama mlangoni akatazama na hakusema neno.

Jumatatu tulikwenda na bibi ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alitusikiliza kwa upole. Alisema anavyojua yeye namba haziishi ukutani, zimo kwenye orodha na picha zilipigwa, lakini itabidi aulize kwa wenyewe waliopima. Jibu lilichukua siku 11. Kwa siku zote hizo bibi hakuja kunywa chai, na kijana wetu hakula nasi. Kwetu chakula cha jioni hupakuliwa katika sinia moja. Yeye alisema ana mitihani, akawa anakula jikoni kwa sahani yake.

Siku ya nne, katika kufua, mama alikuta chini ya mto wake daftari lile. Alikuwa ameviunga vipande kwa uji wa unga wa ngano, ukurasa kwa ukurasa, na kurasa zilikuwa zimekakamaa kama mkate wa jana. Tulilifungua tukitarajia majahazi. Tukakuta orodha ya kuta. Alikuwa ameandika mtaa, jengo, kilichochorwa na maoni yake kwa maneno machache makali: ukuta wa zahanati Ilala, mama anayenyonyesha, "mkono wa kulia umekosewa, mrefu mno". Kinyozi wa Buguruni, vichwa sita, "masikio mazuri". Ukuta wa shule Tandika, ramani ya Afrika, "Madagaska imesahauliwa". Kurasa nyingi mno, za mwaka mzima. Wakati sisi tukidhani yuko masomo ya ziada, yeye alikuwa akisoma jiji.

Usiku ule tulizungumza hadi saa sita. Asubuhi tulimwambia, "Jumapili hii utupeleke ukatuonyeshe." Alitutazama kama mtu anayeuliziwa mtego, kisha akasema, "Vaeni viatu vya kutembea."

Wazazi wenzetu, sisi tumezaliwa katika jiji hili, na tulidhani tunalijua. Tulishuka kwenye daladala Buguruni, tukatembea hadi Ilala, tukamalizia Kariakoo, na ilikuwa kama tumeshikwa mkono na mgeni mwenye macho mapya. Kuta za Dar es Salaam zinasema kupita kiasi. "Nyumba hii haiuzwi", yameandikwa maneno hayo kwa herufi nene, na nyuma yake kuna ugomvi wa mirathi au tapeli aliyekwisha kuiuza nyumba ya watu mara mbili. "Usikojoe hapa", pamoja na kiwango cha faini ambacho hakuna aliyewahi kukilipa. Namba za simu za waganga, ambazo kijana wetu alizipita bila kugeuka, akatufurahisha. Kwenye shule, herufi na irabu, mfumo wa chakula mwilini, bendera; mtoto asiye na kitabu husoma ukuta. Kwenye zahanati, chandarua, mizani, kikombe cha uji. Kwenye saluni, nyuso za wanawake zilizochorwa kwa namna iliyotufanya tuharakishe mwendo, na kijana akafanya adabu ya kutazama upande wa pili wa barabara.

Ilala tulimkuta fundi wa maandishi juu ya ngazi, mtu wa makamo, akiandika tangazo la duka la vifaa vya ujenzi. Kijana alimwamkia kwa jina la kazi, "Shikamoo fundi", na ikabainika kwamba wanafahamiana. Tulikaa naye karibu saa nzima. Alituonyesha jinsi anavyopata mistari iliyonyooka: uzi uliopakwa unga wa chaki huvutwa kutoka mwisho hadi mwisho, hubanwa, kisha huachiwa mara moja, nao huacha alama nyembamba isiyoyumba. Alisema mwanafunzi huanza kuandika kutoka kushoto na nafasi humwishia kabla ya neno kwisha, ndiyo maana jiji lina mabango ambayo herufi zake za mwisho zimebanana kama abiria wa jioni. Fundi huhesabu herufi kwanza, akaanzia katikati. Alitueleza kwa nini sehemu ya chini ya kuta hupakwa rangi ya mafuta na ya juu rangi ya maji: mvua hurusha tope, na tope hufutika kwenye mafuta. Alituonyesha lipu inayopanda chumvi, akasema ukuta wa namna hiyo ni mgonjwa, hata ukiupaka dhahabu utaitema.

Tulimuuliza kuhusu hali ya kazi. Akacheka kidogo. Siku hizi mwenye duka huagiza bango la plastiki lililochapwa kwa kompyuta, linatundikwa jioni ile ile. "Lakini jua halina rafiki," alisema. "Miaka miwili, limefifia. Njoo uone la kwangu la mwaka 2009." Alituelekeza uchochoro, tukaenda kuliona. Ni herufi za duka ambalo halipo tena, zimechakaa pembeni tu.

Jumapili ya pili alitupeleka upande ambao sisi huenda mara chache, Msasani na Mikocheni. Karibu na Morogoro Stores tuliona mabanda ya wachoraji wa Tingatinga. Mmoja wetu hufundisha historia, na jina la Edward Saidi Tingatinga amelitamka darasani mara nyingi: mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kung'aa, juu ya vipande vya hadibodi vya miraba, akafariki mwaka 1972, na kazi yake ikashikwa na ndugu na wanafunzi wake hadi ikajulikana duniani. Kulitamka jina ni jambo moja. Kumwona kijana wako amechuchumaa kando ya mchoraji, anauliza kwa nini rangi ya nyuma hupakwa kwanza na ikaachwa ikauke, ni jambo jingine. Mikocheni tuliingia Nafasi, eneo la wasanii ambalo makontena yake ya chuma yamegeuzwa vyumba vya kazi na kuta zake hazina nafasi tupu. Si kila tulichokiona pale tulikipenda. Tulimwambia hivyo, naye akajibu kwamba hata yeye hapendi vyote. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki mbili kutujibu kwa sentensi nzima.

Kwa familia kama zetu swali la dini haliwezi kurukwa. Tulimpeleka kwa ustadhi wake wa madrasa, si kwa kumshitaki, bali tupate mwongozo. Ustadhi alimkumbusha onyo kali lililokuja katika hadithi juu ya wanaotengeneza sura za viumbe wenye roho, na alimkumbusha vilevile kwamba Ibn Abbas, Allah amridhie, alipoendewa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa katika kuchora, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Jahazi halina roho, akasema, na hapo tukadhani shauri limekwisha. Lakini akamuuliza, "Ukuta ni wa nani?" Akamsimulia hadithi ya Mtume, rehma na amani zimshukie, inayomkataza jirani kumzuia jirani yake asichomeke ubao katika ukuta wake, na akaeleza kwamba katika baadhi ya mapokezi limetajwa suala la kuomba. Mwenye ukuta ametakiwa asikatae, mwenye ubao ametakiwa aombe. "Wewe uliomba?" Kijana aliinamisha kichwa. Tulipotoka alituonyesha kwenye simu mnara wa msikiti wa Jara, mjini Gabès, Tunisia. Mwaka 2012 msanii eL Seed, Mfaransa mwenye asili ya Tunisia, aliuandika mnara huo, wenye urefu wa zaidi ya mita 40, kwa hati ya Kiarabu, maneno ya Suratul Hujurat aya ya 13 inayohusu mataifa na makabila kujuana. "Huyu imamu alimruhusu," akasema taratibu, kama anayejihesabia.

Jumapili ya tatu ilikuwa zamu yetu kumwonyesha. Tulimpeleka Kunduchi, kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Wazee wa pwani walipenda kuta zilizopambwa. Walipachika bakuli za kaure za Kichina ndani ya chokaa ya makaburi yao, na baadhi zimekwisha kuondolewa, zikaacha mashimo ya mviringo. Kijana alitia kiganja ndani ya shimo moja akakaa nacho. Mwalimu wa historia akamweleza juu ya Kizimkazi, Unguja, ambako kibla cha msikiti kina maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kisha akamweleza lile alilokuwa amelihifadhi kwa siku hiyo. Katika magofu ya Kilwa, na katika ya Gedi kule Kenya, juu ya lipu ya kuta, watafiti wamekuta michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwa kitu chenye ncha: milingoti, matanga, kamba. Hakuna ajuaye ni nani waliokwaruza. Labda mabaharia, labda vijana waliochoka kungoja chombo kirudi.

"Kwenye kuta za watu?" akauliza.

"Kwenye kuta za watu."

Akacheka, na sisi tukacheka, hata mlinzi wa pale akageuka kutazama.

Kufikia hapo jibu lilikuwa limekwisha kufika. Namba ya bibi imo katika orodha, hakuna kilichoharibika, lakini iandikwe upya ukutani, isomeke. Kijana alikwenda kwa bibi peke yake baada ya sala ya Alasiri. Tulimwona akikaa chini ya kigoda chake, si barazani alikozoea. Alichosema hatukukisikia. Bibi ndiye aliyetusimulia: alimwomba radhi, kisha akamuuliza angependa namba iandikwe mahali gani, na kama anataka jahazi lifutwe atalifuta siku hiyo hiyo.

"Chombo namba yake huandikwa wapi?" bibi akamuuliza.

"Omoni, bibi."

"Basi wewe wakuuliza nini?"

Aliiandika kwa uzi na chaki kama alivyofundishwa Ilala, akianzia katikati, kwa herufi nyeusi juu ya ubavu wa jahazi. Siku mbili baadaye gari lilisimama, akashuka mtu mwenye fulana ya kazi, akautazama ukuta kwa muda mrefu, akaupiga picha, akaondoka. Hakusema kama alifurahi au alikasirika. Wapo jirani wanaosema barabara itaanza baada ya mvua, wapo wanaosema bajeti imekwama. Bibi hajui, nasi hatujui.

Kuhusu daftari, tulinunua jingine, kubwa, la karatasi nzito. Tulimwomba radhi wote wawili, kila mmoja kwa fungu lake: mmoja kwa kuchana na mwingine kwa kunyamaza. Alipokea, akasema, "Asanteni, nimewasamehe", akaliweka rafuni. Lile la uji wa ngano ndilo analotembea nalo mpaka leo.

Ijumaa iliyopita bibi aliingia bila kubisha, akavuta kigoda, akauliza kama chai ipo. Alipokwisha kunywa akamwita kijana. Alikuwa amefikiri, alisema, na amegundua kosa moja katika kazi yake. "Ukuta huu hautahama nami. Siku wakija, chombo kitazama hapa hapa, nami nitakwenda chumba cha kupanga nisikokujua, bila ya chombo. Nichoree kingine, kwenye kitu cha kubebeka."

Jumamosi tulikwenda naye Buguruni kwa wauza mbao. Kijana aliomba kipande cha hadibodi cha futi mbili kwa futi mbili, akakigonga kwa kidole, akakikataa, akachagua kingine. Sasa kimeegemezwa barazani kwetu, rangi ya kwanza nyeupe imepakwa, inakauka.